Friji Linalouma

Mtu wa kwanza kupigwa na friji letu alikuwa mke wangu, na mimi nilimcheka. Naliandika hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani.

Alikuwa anatoa maziwa ya chai asubuhi. Nikasikia "ah!" kisha kikombe kikavunjika. Nilipofika jikoni alikuwa amesimama mbali na friji, ameshika kiganja chake kwa mkono mwingine.

"Limeniuma," akasema.

"Friji halina meno."

"Basi liguse."

Nililigusa. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kazini, vyenye soli nene ya mpira, nikalipapasa juu mpaka chini kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani, na sikusikia kitu chochote. Nikatoa mhadhara mfupi kuhusu nguo za nailoni na umeme unaojikusanya mwilini. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu umeme, lakini shahada humpa mtu sauti hata pale zisipompa maarifa. Mke wangu aliokota vipande vya kikombe.

Wiki ile ile friji liliniuma na mimi. Nilikuwa nimetoka kuoga, miguu mibichi, natafuta embe. Ilikuwa kama mtu amenipiga kwa fimbo nyembamba kuanzia kidole hadi kwenye kiwiko. Sikumwambia mke wangu mpaka jioni, na nilipomwambia nilitumia neno "kidogo" mara tatu.

Sasa, watu wazima wawili wangeweza kulichomoa friji lile wakaishi kwa kununua maziwa ya siku. Lakini sisi tulikuwa watatu. Mama yangu alikuwa amehamia kwetu kutoka kijijini baada ya sukari yake kufika mahali ambapo vidonge havikutosha tena. Daktari alimwandikia insulini, asubuhi na jioni. Chupa zake ndogo zilikaa kwenye rafu ya mlango wa friji, ndani ya kopo la plastiki alilolizungushia kitambaa. Sindano alikubali nimchome mimi. Chupa alitaka aitoe mwenyewe na airudishe mwenyewe, kwa sababu, alisema, dawa ikishikwa na kila mtu inasahau ni ya nani.

Na mama yangu havai viatu ndani ya nyumba. Kwake viatu ni vya barabarani na vya kanisani. Kukanyaga sakafu ya mwanao kwa kiatu ni kama kuitemea mate. Kwa hiyo mara mbili kila siku mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye moyo ambao daktari alituambia tuutunze, alisimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji na kushika mpini wa chuma wa friji lile.

Alipigwa mara ngapi kabla ya kusema, sijui. Siku aliyosema, alisema akicheka.

"Hili filiji lenu lina utani. Linanitekenya."

"Linakutekenya tangu lini, mama?" mke wangu aliuliza.

"Aa, siku nyingi tu. Kuna siku linatekenya, kuna siku linapiga kabisa. Nikiona limenuna nalisalimia kwanza."

Mke wangu alinitazama. Jioni ile aliweka jozi ya ndala za mpira mbele ya friji, akaamuru kwamba hakuna mtu kugusa mlango bila kuzivaa. Mama alizitazama kwa dharau.

"Nivae viatu ili nifike kwa filiji? Kwani huyu ni mtemi?"

Lakini alizivaa, kwa ajili ya mkwe wake. Nasi tukazoea. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo kuliko shoti yenyewe. Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa na ndala za friji kama wengine walivyo na mkeka wa mlangoni. Wageni tuliwaonya kama tunavyowaonya watu juu ya mbwa: msiogope, ila msilishike hivi hivi. Tulicheka pamoja nao. Mwanadamu anaweza kuishi na chochote, mradi akipatie mahali pake pa kukaa.

Mke wangu alitaka tununue jipya. Mimi nilitaka tutengeneze. Ningependa kusema nilikuwa na hoja, lakini nilichokuwa nacho ni makala. Miaka michache nyuma nilikuwa nimeandika gazetini makala ya kuwasema watu wanaotupa vitu kabla havijafa, nikawasifu mafundi wa nchi hii wanaofufua redio na pasi. Watu wawili walinipongeza. Tangu hapo nimekuwa mfungwa wa makala yangu. Siwezi kutupa hata mwavuli uliovunjika bila kuona aya ya tatu ikinitazama.

Basi friji likapakiwa kwenye bajaji ya mizigo, likapelekwa mtaa wa Mirongo kwa fundi niliyeelekezwa na watu. Chupa za mama zilikaa kwa jirani siku hizo mbili. Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kibanda kilichojaa mafriji yaliyosimama wazi kama watu wanaosubiri daktari wa meno. Siku ya pili alinipigia simu.

"Mzee, njoo uchukue mzigo wako. Ni mzima."

Nikaenda. Nikamwambia haiwezekani. Akavua viatu mbele yangu, akamwaga maji sakafuni, akasimama juu yake na kulikumbatia friji langu kama mtu aliyempata ndugu yake stendi.

"Unaona?" akasema. "Haliumi. Shida iko kwenye umeme wa nyumbani kwako, mzee. Kamwite fundi umeme akague."

"Umeme wa nyumbani kwangu uko sawa. Taa zinawaka vizuri."

Akaweka miwani yake sawa. "Taa zinawaka hata kwenye nyumba inayotaka kuua mtu, mzee wangu."

Nilitoa pochi. Akakataa. Hajatengeneza kitu, alisema, atachukua hela ya nini?

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na mke wangu kwa pamoja, na nadhani ni kosa ambalo mtu hawezi kulifanya mpaka awe ameishi muda mrefu kwenye miji yetu. Kama angetuambia kompresa imekufa, tungemwamini. Kama angetaja bei kubwa, tungelalamika, tungemwamini. Lakini fundi anayesema kitu chako ni kizima, kisha anakataa hela?

"Hakuchukua hata hela ya ukaguzi?" mke wangu aliuliza.

"Hata shilingi."

"Basi amechukua kitu kingine." Akalizunguka friji, akainama nyuma yake na kumulika kwa simu. "Hii kompresa ndiyo ile ile?"

Sikujua. Sijawahi kuitazama kompresa ya friji langu. Ni kama ini, mtu unaamini tu kwamba lipo. Tuliinama wote wawili nyuma ya friji tukaitilia mashaka kompresa isiyo na hatia. Mwisho tulikubaliana kwamba yule mtu wa Mirongo ametubadilishia kifaa kizuri kwa kibovu na upole wake ulikuwa wa kututuliza. Nilisema hivyo kwa sauti. Nikasema hivyo hata kazini.

Friji likarudi ukutani. Siku tatu kimya. Siku ya nne likampiga mama kupitia ndala zilizolowa.

"Halipigi kila siku," mama alisema, akijipuliza vidole. "Linapiga siku ya maji."

Kwetu mlimani maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, au moja, au kama yatakavyoamua. Yakija huingia kwenye tangi la chini, na pampu iliyoko nyuma ya jiko huyapandisha hadi tangi la juu. Siku hiyo nyumba nzima huwa ya kufua, kuosha na kujaza ndoo. Nilimweleza mama, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba siku za maji sakafu huwa mbichi, na ubichi hupitisha umeme, kwa hiyo friji bovu huonekana bovu zaidi. Ilikuwa hoja nzuri. Ingefaa kwenye makala.

"Sawa, baba," mama akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilishindwa, basi. Tukanunua jipya katika duka la familia moja ya Kihindi ambayo imewauzia watu wa mjini vyombo tangu babu zao. Mzee wa duka aliniuliza la zamani lina nini, nikamwambia linauma. Akatikisa kichwa kwa heshima kana kwamba nimemtajia msiba. Jipya lilikuwa refu, la rangi ya fedha, na mpini wake ulikuwa mnene, wa kushikwa kwa kiganja chote. La zamani tulimpa dada wa mke wangu, anayeishi Kirumba karibu na mwalo wa mitumbwi na kuuza samaki wa kukaanga. Mke wangu alimwonya mara mbili. Dada yake akasema friji la bure hata likitukana yeye atalivumilia.

Siku kumi friji jipya halikumgusa mtu. Mama alilifungua, akalifunga, akalisifu. Siku ya sita mke wangu aliziondoa zile ndala, akaziosha, akazipeleka bafuni. Nakumbuka nilifurahi kuona pale chini pakiwa wazi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna bomba kuu lilikuwa limepasuka huko bondeni na kwamba kwa siku kumi zote hizo maji hayakuja mlimani kwetu hata tone.

Siku ya kumi shemeji alipiga simu.

"Shemeji, friji lenu zuri jamani! Linagandisha mpaka raha. Hivi mlisema linapiga?"

"Halijakupiga?"

"Hapa kwangu? Sakafu yenyewe maji ya samaki kutwa, sisi pekupeku, watoto wanaliegemea. Mlitaka tu kununua jipya, semeni ukweli."

Alicheka, na mimi nikacheka, na nilipokata simu nikagundua kwamba mke wangu alikuwa amesikia yote na hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama friji jipya.

"Kwa hiyo yule wa Mirongo hakutuibia," akasema.

"Labda limetulia. Vitu vikisafirishwa hutikisika, waya unarudi mahali pake."

"Unaamini hicho unachosema?"

Nilisema Jumatatu nitatafuta fundi umeme. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha juu ya ziwa, ikaja hadi kwetu, na mabomba yakaanza kukoroma. Maji yamerudi. Mke wangu aliwasha pampu, akaanza kujaza ndoo. Mimi nilikuwa sebuleni na pamba na sindano, namsubiri mama alete chupa.

Mama ana desturi ya kusema na vitu. Akifungua mlango anaupa pole, akifungua friji anasema "haya, nipe." Asubuhi ile nilisikia nyayo zake kwenye maji, nikasikia "haya," halafu sikusikia "nipe."

Niligeuka. Kutoka nilipokuwa nilimwona wa pembeni. Alikuwa amesimama wima, ameshika mpini wa friji kwa kiganja chote, na kanga yake ilikuwa ikitetemeka kama iko kwenye upepo. Mdomo ulikuwa wazi. Hautoi sauti. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi.

Nilikimbia nikiwa nimenyoosha mikono ili nimvute. Ndivyo ningefanya, na tungekuwa wawili.

"Usimshike!" mke wangu alipiga kelele toka koridoni, na kabla sijafika akawa amebwaga ndoo na kuishusha swichi kuu.

Mama alianguka juu yangu, mwepesi mno. Na nyumba ikanyamaza. Friji lilinyamaza, taa ikazimika, na nyuma ya jiko kukakatika mngurumo ambao sikuwa nimejua kwamba nausikia. Pampu. Mimi na mke wangu tulitazamana juu ya kichwa cha mama. Siku ya maji.

Hospitali walimlaza siku mbili kusikiliza moyo wake. Uliruka, wakasema, kisha ukakubali kurudi kwenye mwendo. Kiganjani alibaki na alama nyeupe yenye ukingo mweusi, mahali pa mpini. Aliporudi nyumbani hakuingia jikoni. Alitandika mkeka kwenye kona ya chumba chake, akaweka chungu cha udongo ndani ya beseni la mchanga mbichi, akatia chupa zake humo, na akasema kwamba mwisho wa mwezi angependa kurudi kijijini. Kule hakuna umeme wa kugombana nao. Kule pia hakuna zahanati ndani ya mwendo wa nusu siku, na sote tulijua, yeye akiwemo.

Fundi umeme aliyekuja alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye suruali ya mifuko mingi. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akazunguka nyumba akigusa huku na kule kwa testa yake. Pampu ilikuwa inavuja umeme. Maji yalikuwa yameingia kwenye moyo wake. Lakini hilo, alisema, ni jambo la kawaida. Kwenye kila nyumba kuna waya mmoja ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea na kuuzika ardhini, usimkute mtu. Mafundi wanauita ethi. Waya huo unaunganisha kila chombo cha chuma. Usipofika ardhini, umeme unaovuja kwenye pampu unatembea nao hadi kwenye friji, na hapo unasubiri.

"Ethi yenu iko wapi, baba?"

Nikamwonyesha bustani ndogo ya maua nyuma ya jiko. Waya uliingia kwenye udongo katikati ya mayungiyungi. Alichuchumaa, akaushika waya kwa vidole viwili na kuvuta kidogo tu ili auone umeshika vipi.

Nondo ya shaba ikatoka yote, kama muhogo uliopandwa vibaya. Ilikuwa fupi kuliko mkono wangu. Chini ya udongo ule, uliokuwa na kina cha jembe moja, kulikuwa na jiwe tupu. Nyumba yetu yote imekaa juu ya jiwe moja, kama nusu ya wilaya yetu ya Ilemela ilivyokaa.

Aliigeuza. Mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa msumeno.

"Nani aliyeikata hii?"

"Fundi wa zamani," nikasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Aligeuka akaingia ndani.

Maana yeye alikuwepo siku ilipokatwa, tulipokuwa tunajenga. Yule fundi wa zamani aliigonga nondo ile mchana mzima hadi viganja vikatoka malengelenge, na kila mahali alipohama alikuta jiwe. Akanifuata, akaniambia mzee, hapa haiingii, itabidi tushuke kule bondeni penye udongo, tuchimbe mtaro tuulaze waya. Siku mbili za kazi, labda tatu. Mimi nilikuwa nimeshawaalika watu kwa ibada ya shukrani ya kuhamia. Nikamwambia kata tu, kitakachoingia kinatosha. Kisha nikaleta toroli mbili za udongo kwa mikono yangu mwenyewe, nikafunika, na nikapanda maua juu.

Kazi ilichukua siku tatu. Mtaro ulishuka hadi bondeni, nondo nzima ikaingia kwenye udongo mwekundu, pampu mpya ikafungwa, na kando ya swichi kuu kikawekwa kifaa kinachokata umeme mara tu unapopotea njia. Fundi alipima, akapima tena, akasema tayari.

Mama alitoka chumbani kwa mara ya kwanza kuja jikoni. Hakuvuka kizingiti.

"Ile nondo," aliniuliza, "ni nani hasa aliyesema ikatwe?"

Kumbe alisikia yale ya bustanini. Fundi alijifanya anakunja waya.

"Ni mimi, mama."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira; kama mtu anayepokea habari za mgonjwa aliyekuwa akizitarajia.

"Basi liguse wewe hilo filiji."

Nilivua viatu, nikavua soksi. Mke wangu alimwaga kikombe cha maji sakafuni bila kuombwa, akaenda kusimama kwenye swichi kuu. Fundi akawasha pampu, nayo ikaanza kunguruma nyuma ya ukuta.

"Tumia nyuma ya mkono, baba," fundi alisema. "Ikiwa kuna kitu, mkono unaruka wenyewe."

Maji yalikuwa ya baridi chini ya nyayo. Kutoka niliposimama hadi kwenye friji ni hatua mbili, na nilizipiga kama nne. Nilinyoosha mkono. Nakiri kwamba nilifumba macho. Nyuma ya vidole nikasikia chuma, na chuma kilikuwa chuma tu.

"Hakuna kitu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Mimi sishiki hivyo," mama akasema toka kizingitini. "Shika ninavyoshika mimi."

Mke wangu hakuondoa mkono kwenye swichi. Niligeuza kiganja changu, nikaukumbatia mpini wote, vidole vikafunga upande wa pili, mahali pale pale. Nikangoja. Pampu iliendelea kunguruma. Nilihesabu pumzi, nikapoteza hesabu. Mama hakusema acha, na mimi sikuacha.

Alikaa hivyo akinitazama kwa muda aliouona unatosha. Kisha akavuka kizingiti, pekupeku, akiwa na kopo lake lililozungushiwa kitambaa, chupa zikiwa ndani, akanisukuma kwa kiwiko.

"Haya, toka mlangoni. Saa ya dawa imepita."